Kuzimika kwa pikipiki kutokana na mfumo wa mafuta

Kuzimika kwa pikipiki kutokana na mfumo wa mafuta ni hali ya injini ya pikipiki kusimama yenyewe, iwe njiani au ikiwa inanguruma bila mzigo, kwa sababu petroli haifiki kwenye silinda kwa kiasi kinachotakiwa, inafika nyingi mno, au inafika ikiwa imechanganyika na kitu kingine. Ni moja ya hitilafu za kawaida katika pikipiki zenye kabureta. Mara nyingi hurekebishwa kwa bisibisi, spana chache na kitambaa safi, mradi chanzo kitambulike kabla ya vipuri kuanza kubadilishwa.

Makala hii inaeleza hitilafu hiyo hasa kama inavyojitokeza kwenye pwani ya Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara Mjini hadi Msimbati na maingilio ya mto Ruvuma mpakani mwa Msumbiji. Huko mchanga, chumvi, mvua na petroli ya chupa hukutana katika chombo kimoja.

Pikipiki katika pwani ya Mtwara

Kama ilivyo sehemu nyingine za Tanzania, pikipiki zilienea Mtwara katika miaka ya 2000, zilipoanza kuingia kwa wingi zile za bei nafuu kutoka China na Uhindi. Mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji zilitambua rasmi pikipiki za kubeba abiria, maarufu kama bodaboda. Nyingi zina injini ya silinda moja ya mapigo manne, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, inayopozwa kwa hewa na kulishwa na kabureta moja. Bajaj Boxer na TVS ni mifano inayoonekana kila kijiwe.

Pikipiki zilizoundwa mahsusi kwa njia mbaya, kama Honda XL na Yamaha DT, zilitangulia. Zilikuwa vyombo vya maafisa ugani, watumishi wa afya na miradi ya maendeleo, na baadhi bado zinatembea. Kwa upande wa mafuta tofauti kati ya makundi haya mawili si kubwa. Bodaboda inayopanda na kushuka njia ya Msimbati kila siku inafanya kazi ya pikipiki ya mchangani, ingawa kiwanda hakikuitengeneza kwa ajili hiyo.

Chombo kinapozimika huku, hasara si usumbufu tu. Madereva wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba ambao mwisho wake pikipiki inakuwa yao, na tajiri hasubiri kabureta isafishwe. Abiria anaweza kuwa mama mjamzito anayekimbizwa zahanati, au mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Ligula, hospitali ya mkoa iliyopo Mtwara Mjini. Ndoo ya samaki kutoka Msimbati, yapata kilomita 40 kutoka mjini, haivumilii saa mbili za jua kando ya barabara.

Mvua za ukanda huu hunyesha katika msimu mmoja mrefu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Kabla yake ni msimu wa korosho, ambapo njia za vijijini huwa na vumbi jingi na pikipiki hubeba mizigo mizito kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Kwa hiyo matatizo nayo hufuata kalenda: vumbi kwenye chujio la hewa kuanzia Oktoba, maji kwenye kabureta kuanzia Januari.

Jinsi petroli inavyofika kwenye injini

Katika pikipiki ya kabureta petroli hushuka kwa uzito wake yenyewe, bila pampu. Hutoka kwenye tangi, hupita koki, mpira wa mafuta na chujio dogo, kisha huingia kwenye bakuli la chini la kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya. Petroli ikipanda, boya hupanda nalo na kusukuma sindano ndogo inayofunga njia; petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Ni kanuni ileile ya boya la tangi la maji la chooni.

Juu ya bakuli kuna njia ya hewa iliyobanwa katikati. Pistoni inaposhuka huvuta hewa, na hewa ikipita mahali pembamba huenda kasi na kanieneo yake hupungua. Tofauti hiyo ya kanieneo ndiyo inayoinua petroli kutoka bakulini kupitia vitundu viitwavyo jeti. Jeti ndogo hulisha injini inaponguruma bila kuvutwa moto, hali ambayo mafundi huiita sailensi. Jeti kuu, pamoja na sindano ndefu inayoning'inia kwenye silaidi, hulisha injini dereva anapovuta moto. Choki huongeza petroli, au hupunguza hewa, wakati injini ingali baridi.

Ili petroli iungue vizuri inahitaji hewa kiasi cha mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikizidi, mchanganyiko huitwa mkavu: injini hukosa nguvu, hupata joto na kuzimika. Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito: plagi hulowa, moshi mweusi hutoka na injini huzama. Karibu kila hitilafu inayoelezwa hapa chini ni ya upande mmoja kati ya hizo mbili.

Vitundu vyenyewe ni vidogo sana. Jeti ndogo ya pikipiki ya ujazo wa 125 kwa kawaida ina tundu lisilofika nusu milimita, na jeti kuu hukaribia milimita moja. Chembe moja ya mchanga wa Msimbati inatosha kuiziba ile ya kwanza.

Kutofautisha tatizo la mafuta na matatizo mengine

Injini huhitaji mafuta, cheche na mgandamizo. Kabla ya kufungua kabureta, fundi hujiridhisha kwamba tatizo si la vile viwili vingine. Plagi ndiyo shahidi wa karibu zaidi. Ikitolewa mara tu baada ya injini kuzimika na kukutwa kavu kabisa ingawa kiki imepigwa mara nyingi, petroli haifiki. Ikikutwa imelowa na kunuka petroli, ama petroli ni nyingi mno ama cheche haipo. Ncha nyeupe kama chokaa huonyesha mchanganyiko mkavu wa muda mrefu. Ncha yenye masizi makavu meusi huonyesha mchanganyiko mzito. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema.

Namna ya kuzimika nayo husema mengi. Tatizo la umeme mara nyingi hukata injini ghafla, kama mtu amezima swichi. Tatizo la mafuta huja polepole: pikipiki huanza kumisi, huvuta na kuacha, nguvu hupungua, dereva huongeza moto bila kupata jibu, ndipo injini inakufa. Kanuni hii ina vighairi, lakini dereva anayeweza kueleza jinsi chombo kilivyozimika humwokoa fundi nusu ya kazi. Anayesema tu "imezima" humfanya fundi aanze kubahatisha, na kubahatisha huko hulipiwa na mwenye pikipiki.

Dalili na maana yake

Pikipiki inayowaka vizuri, ikatembea kilomita moja au mbili kisha ikafa, na baada ya kupumzishwa dakika chache ikawaka tena, inatumia petroli iliyomo bakulini kwa kasi kuliko inavyojazwa. Njia imebanwa mahali fulani kati ya kifuniko cha tangi na sindano ya boya.

Ile inayokwenda vizuri barabarani lakini hufa kila dereva anapoachia moto, kwenye makutano au anaposubiri abiria, karibu daima ina jeti ndogo iliyoziba au sailensi iliyoshushwa mno. Kinyume chake, inayonguruma vizuri ikiwa imesimama lakini hushindwa na kufa ikipakia watu wawili au ikiingia mchanga mzito, ina jeti kuu chafu, chujio lililoziba au petroli inayopita kwa uchache.

Pikipiki inayokubali kutembea tu choki ikiwa imevutwa inasema waziwazi kwamba mchanganyiko ni mkavu. Madereva wengi huichukulia hiyo kama tiba na kuendelea nayo kwa wiki kadhaa. Si tiba. Inayozimika kwa moshi mweusi na harufu kali ya petroli, hasa injini ikishapata moto, ina choki iliyokwama, chujio la hewa lililojaa, au boya lisilofunga.

Tangi, kifuniko na koki

Uchunguzi huanzia juu kwa sababu huko hakugharimu kitu. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu likiziba, petroli ikishuka inaacha ombwe nyuma yake, na baada ya muda inakataa kushuka. Jaribio ni rahisi: injini ikishazimika kifuniko hufunguliwa. Kukisikika mlio wa hewa kuvutwa ndani na pikipiki ikawaka baada ya nusu dakika, chanzo kimepatikana. Wakati mwingine mwenye pikipiki ameiziba mwenyewe kwa kuweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mvua isiingie. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini vipande vyake bado hupata kazi ya namna hii.

Koki ina nafasi tatu: kufunga, kufungua na rizavu. Ndani ya tangi nafasi ya kawaida hunyonya kupitia kibomba kilichosimama, na rizavu hunyonya kutoka chini kabisa. Chini kabisa ndiko kunakotuama maji, kutu na mchanga. Dereva anayejaza tangi hukutana na takataka hizo mara chache. Anayenunua lita moja moja huishi kwenye rizavu, na kabureta yake hula mashapo kila siku. Pengine hii ndiyo sababu kubwa zaidi ya pikipiki za vijiweni kuziba kabureta mara kwa mara, kuliko ubora wa pikipiki zenyewe unaolaumiwa sana.

Ili kupima mtiririko, mpira wa mafuta huchomolewa kwenye kabureta na kuelekezwa kwenye chupa, kisha koki hufunguliwa. Petroli inapaswa kutoka kwa mkondo usiokatika. Ikitoka kwa matone, au ikaanza vizuri kisha ikapungua, jaribio hurudiwa kifuniko kikiwa wazi. Ikibaki vilevile, wavu wa koki au chujio la njiani limeziba. Mpira uliokunjika chini ya tangi, au uliolainika kwa joto ukagandamana kwa ndani, hutoa dalili hiyohiyo. Mpira wa maji au wa dripu unaotumiwa badala ya mpira wa petroli huwa mgumu na kupasuka baada ya muda, na unapovujia juu ya injini ya moto hatari yake ni kubwa kuliko kuzimika.

Kutu ndani ya tangi huonekana kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti. Unyevu wa pwani huganda usiku kwenye kuta za tangi lililo nusu tupu, kwa hiyo pikipiki ya ofisi iliyoegeshwa msimu mzima huota kutu ndani hata kama haikunyeshewa. Mafundi hulitoa tangi, hulikausha petroli kabisa, huingiza kokoto ndogo au kipande cha mnyororo, hulitikisa na kulisuuza. Kazi hiyo hufaa pale tu kutu ni ya juujuu. Tangi lililoliwa hadi kutoboka huchomelewa na fundi anayejua kuondoa mvuke wote kwanza, kwa maana tangi tupu la petroli hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa.

Maji kwenye mafuta

Petroli na maji havichanganyiki. Lita ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo maji huzama na kukaa chini ya bakuli la kabureta, mahali hasa jeti kuu inapochotea. Kijiko kimoja cha chai cha maji kinatosha kuzima injini. Hali yake ni ya kuudhi: pikipiki humisi, huwaka, hufa, huwaka tena, bila mpangilio unaoeleweka.

Chini ya bakuli kuna skrubu ya kutolea uchafu. Koki hufungwa, skrubu hulegezwa na kinachotoka hupokelewa kwenye glasi au chupa angavu. Maji huonekana kama matone ya duara yanayotembea chini ya petroli. Yakionekana, bakuli hujazwa na kumwagwa tena mpaka itoke petroli tupu, kisha tangi nalo huangaliwa, kwani maji ya bakulini hayakuanzia hapo. Kwa njia zote za kuzuia kuzimika wakati wa masika, kufungua skrubu hii kila wiki ndiyo rahisi kuliko zote.

Maji huingia kwa njia nyingi. Mvua hupenya kifuniko kilichochakaa. Chupa ya petroli ilisuuzwa na haikukaushwa. Pikipiki huvushwa kwa kivuko kwenda Msanga Mkuu, au kwa mtumbwi kwenye Ruvuma, na kurushiwa maji njiani. Kwenye mabonde ya mto karibu na Kilambo na Kitaya njia hujaa maji wakati wa mvua, na dereva huvuka maji yakifika kwenye injini.

Kuvuka huko kuna hitilafu yake ya pekee ambayo hata mafundi wazoefu huikosa. Kabureta ina vimipira vya kupumulia vinavyoning'inia chini ya injini. Ncha zake zikizama, hewa haiingii bakulini na petroli haipandi kwenye jeti. Injini hufa katikati ya maji ingawa chujio la hewa ni kavu, na mara nyingi huwaka yenyewe ikishatolewa upande wa pili. Wenye pikipiki za matope hutatua jambo hili kwa kuunganisha kimpira kingine kinachopanda hadi chini ya tangi.

Ikiwa maji yamevutwa hadi ndani ya silinda, kiki haipigwi kwa nguvu. Maji hayabanwi kama hewa, na kulazimisha kunaweza kukunja mkono wa pistoni. Plagi hutolewa kwanza, kiki hupigwa taratibu mpaka maji yatoke kwenye tundu la plagi, kisha bakuli, chujio la hewa na oili ya injini huangaliwa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji na haina budi kumwagwa.

Kusafisha kabureta

Bakuli likifunguliwa, hali ya ndani hujieleza. Mashapo mekundu ni kutu ya tangi. Utando wa kahawia unaonata ni mabaki ya petroli iliyokaa miezi bila kutumika. Unga mweupe ni madini ya kabureta yenyewe yaliyoliwa na maji, na karibu na bahari huonekana mapema zaidi kwa sababu ya chumvi. Jeti ni za shaba nyeupe na hazishiki kutu kama chuma, lakini unga huo hutosha kuziziba.

Jeti hufunguliwa kwa bisibisi inayoenea kwenye mfuo wake, hulowekwa kwenye petroli safi au dawa ya kabureta, kisha hupulizwa kwa hewa ya kompresa. Hata kwa fundi wa pancha kompresa ipo. Baada ya hapo hutazamwa dhidi ya mwanga, na tundu lazima lionekane la mviringo kamili. Kuzibua kwa waya wa breki au sindano ya chuma ni kosa la kawaida. Waya huikwaruza shaba na kulipanua tundu. Pikipiki itawaka siku hiyo, lakini kuanzia hapo itakula mafuta bila mwenyewe kujua sababu. Uzi mmoja wa nailoni, au unywele wa brashi laini, hufanya kazi hiyo bila madhara. Vitundu vya hewa vilivyomo ndani ya mwili wa kabureta hupulizwa pia, kwani kusafisha jeti na kuviacha hivyo ni kurudi gereji baada ya siku mbili.

Boya hutikiswa karibu na sikio. Likisikika lina petroli ndani, limetoboka na halitaelea. Ncha ya sindano yake hutazamwa kama ina mfuo ulioliwa. Sindano isiyofunga huonekana hata kabla ya kufungua, kwa petroli inayodondoka kwenye kimpira cha chini pikipiki ikiwa imeegeshwa. Ikiwa imekwama tu kwa chembe ya uchafu, kugongagonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi mara nyingine huiachia, na dereva akafika nyumbani. Petroli isiyofungwa inaweza pia kushukia kwenye silinda na kuingia kwenye oili. Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda na inanuka petroli, injini haiwashwi mpaka oili ibadilishwe, maana haina tena uwezo wa kulainisha.

Baada ya kuunganisha, sailensi hupangwa injini ikiwa ya moto. Kuna skrubu mbili. Moja husukuma silaidi na kupandisha mngurumo. Nyingine hurekebisha mchanganyiko, na hapo wengi hukosea, kwa sababu haifanyi kazi sawa kwenye kabureta zote. Ikiwa ipo upande wa chujio la hewa huruhusu hewa, na kuifungua hukausha mchanganyiko. Ikiwa ipo upande wa injini huruhusu petroli, na kuifungua huuongezea uzito. Kwa aina zote mbili hufungwa polepole hadi mwisho bila kukazwa, hurudishwa mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kama mwanzo, kisha husogezwa kidogo kidogo mpaka injini ingurume kwa kasi na utulivu zaidi.

Hewa: chujio na shingo ya kabureta

Hewa ni nusu ya mfumo wa mafuta ingawa hainunuliwi. Chujio la sifongo huoshwa kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, hukaushwa kivulini, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Chujio la karatasi haliloweshwi. Hukung'utwa, na likishakuwa jeusi hubadilishwa. Katika msimu wa korosho, au kwa pikipiki inayopita Msimbati kila siku, muda ulioandikwa kwenye kitabu cha kiwanda ni mrefu mno.

Baadhi ya madereva huliondoa chujio kabisa kwa kuwa pikipiki "inapumua" na kuonekana nyepesi. Kwa siku chache ni kweli. Baada ya hapo mchanga huingia kwenye silinda na kusaga ringi za pistoni, na gharama ya kuchonga silinda huzidi bei ya machujio ya miaka mingi.

Shingo ya mpira au plastiki inayounganisha kabureta na injini hupasuka kwa joto na mtikisiko. Hewa isiyopimwa huingia hapo. Sailensi hupanda yenyewe, hugoma kushuka, halafu injini hufa ghafla. Ili kuhakikisha, maji kidogo hunyunyizwa kuzunguka shingo injini ikinguruma. Mlio ukibadilika, ufa upo. Sabuni ya mche au gundi huziba kwa muda wa kufika mjini tu.

Petroli mbaya na petroli ya chupa

Vituo vya mafuta vimejaa zaidi mjini na kando ya barabara kuu. Vijijini petroli huuzwa kwenye chupa za soda na za maji, mara nyingi juani. Kuuza petroli bila leseni ni kinyume cha sheria, lakini pasipo na kituo dereva hana chaguo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) imeweka utaratibu wa vituo vidogo vya vijijini vyenye masharti nafuu kuliko vya mjini, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umetoa mikopo ya kuvijenga. Mtwara ni moja ya bandari tatu zinazopokea mafuta ya nchi, pamoja na Dar es Salaam na Tanga, na EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kuzingatia bandari hizo. Bei ya chupa huwa juu ya hiyo.

Petroli iliyokaa juani hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka haraka, kwa hiyo injini baridi huwa ngumu kuwasha. Tatizo kubwa zaidi ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yalipokuwa na bei ya chini sana kuliko petroli na dizeli, kuyachanganya kulikuwa na faida kubwa. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kutambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi faida hiyo ikapungua sana. Petroli yenye mafuta ya taa hufanya injini igonge ikipanda mlima, itoe moshi na kumisi ikiwa baridi. Jaribio la haraka ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, mafuta ya taa au dizeli huacha doa la grisi. Halithibitishi kila kitu, lakini hukamata mchanganyiko mkubwa.

Pikipiki za kabureta zenye injini ya mapigo mawili, kama Yamaha DT, huhitaji oili maalumu pamoja na petroli. Petroli tupu haizizimi kwa kukosa mafuta bali kwa pistoni kukwama, na hilo halina marekebisho ya kando ya njia.

Pikipiki zisizo na kabureta

Baadhi ya pikipiki mpya hupuliza petroli kwa nozeli inayoongozwa na kompyuta ndogo, na pampu ya umeme ndani ya tangi. Swichi ikifunguliwa pampu husikika ikivuma kwa sekunde mbili tatu. Isiposikika, fyuzi na betri huangaliwa kwanza. Taa ya injini kwenye dashibodi hutoa namba ya hitilafu. Pampu hizi hupozwa na petroli inayozizunguka, hivyo tabia ya kutembea na tangi karibu tupu huziua mapema. Maji na kutu huziharibu pia, na kuzisafisha kando ya njia hakuwezekani.

Hatari wakati wa matengenezo

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, hivyo sigara au jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali linaweza kuuwasha. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali kuliko barafu, seuze joto la Mtwara. Bakuli hufunguliwa injini ikiwa imepoa, mahali penye upepo, na cheche ya plagi haipimwi karibu na petroli iliyomwagika. Moto wa petroli huzimwa kwa mchanga au kizima-moto, si kwa maji.

Kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira ili kuitoa tangini ni desturi iliyoenea. Ikiteleza ikaingia kwenye mapafu husababisha uvimbe mkali wa mapafu unaoweza kuua, hata kama kiasi kilikuwa kidogo. Aliyemeza hatapishwi, kwa sababu kutapika huipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni; hupelekwa kituo cha afya hata kama anajisikia vizuri, kwani kikohozi na kubanwa kwa pumzi vinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na kuwaka moto wakati watu wakichota petroli iliyomwagika. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo madereva wa bodaboda waliokuja na madumu.